Siku Muuaji Alipokula Ugali

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliipenda hatia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Si kwamba alikuwa mkosaji. Alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa pasi hata siku za matope, mzaliwa wa mjini Kisii katika familia ya Waislamu wenye duka la vitambaa. Babu yake alifika na biashara kutoka pwani, akaoa huku huku, akazeeka huku huku. Kwa hiyo Kiswahili cha mwalimu kilikuwa cha nyumbani, na sisi wanafunzi wa sekondari ya kijijini, si mbali na Kebirigo, tulikisikiliza vinywa wazi. Chetu tulikitoa darasani na tukakiacha humo humo. Ukivuka mlango, ilikuwa Ekegusii, lugha ya kwetu, mpaka kesho.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu alikuwa na kitabu kikuukuu kisicho na jalada, tanzia ya nchi za mbali, ambayo aliitafsiri mwenyewe kwa ajili ya siku ya wazazi. Habari yake haikuwa ngumu. Mtawala anamkaribisha kaka yake mkubwa, anamlisha, anampa kitanda, halafu anamuua kitandani ili abaki na kiti cha enzi. Mke wa mtawala anajua lakini ananyamaza. Kuanzia hapo mtawala hana raha, mpaka mwisho anakiri mbele ya watu na kufa.

Mwalimu alitufundisha kwamba katika tanzia hatia haisemwi bali inaonyeshwa, na ni lazima ipewe kitu cha kushikika: taa inayozimika kila mwenye kosa akiingia, mlango unaokataa kufungwa, kitanda ambacho hakuna anayethubutu kukilalia. Vitu hivyo aliviita ishara, na kila alipolitamka neno hilo alifumba macho. Sisi tukalichukua neno tukaenda nalo bwenini, na hapakukalika tena. Msichana akikutwa na chembe za sukari mdomoni, hizo ni ishara. Mwalimu mkuu akikohoa kabla ya kutangaza kwamba nyama ya Ijumaa haipo, kikohozi ni ishara. Wiki hizo hakuna mtu aliyeweza kujikuna shuleni bila kuulizwa amemuua nani.

Mimi nilipewa nafasi ya mke wa muuaji. Sijui kama nilikuwa na kipaji, ila sauti nilikuwa nayo. Ukizaliwa kwenye mteremko, na shamba la chai la jirani liko ng'ambo ya bonde, sauti unaipata bila kufundishwa.

Tatizo lilikuwa baba yangu. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mkulima wa chai ambaye hakuwahi kuionja chai maishani mwake, kwa kuwa kanisa halikuipenda. Aliilima, akaichuma, akaipeleka kituoni kila siku ya kununuliwa, kisha akarudi nyumbani kunywa uji. Alikuwa mtu wa kunyooka kiasi hicho. Kwake yeye, mchezo wa kuigiza ulikuwa uongo uliovishwa nguo nzuri.

Na si hilo tu. Mwaka ule alikuwa amekuja kwetu mshenga, ambaye sisi tunamwita esigani, kwa niaba ya watu wa upande wa Itumbe. Walikuwa na kijana wao anayefanya kazi katika kiwanda cha chai, na walikuwa wamesikia kwamba kwetu kuna msichana. Baba alimjibu aje tena wimbi, yaani ulezi, likishavunwa, na kwetu jibu kama hilo ni nusu ya ndiyo. Sikulisikia kinywani mwa baba. Baba na binti hawazungumzi mambo ya ndoa. Kuna ensoni kati yao, ile heshima yenye aibu ndani yake, na anayeivunja anaonekana kama aliyetembea uchi sokoni. Kwa hiyo habari za maisha yangu mwenyewe nilizipata kwa mama, jikoni, akiwa ameniepushia uso na kuugeuzia moto.

Mama alinieleza hivi. Baba atakuja siku ya wazazi. Akiona kwamba shule inanijenga, nitaendelea mpaka kidato cha nne, na watu wa Itumbe wataambiwa wasubiri au watafute kwingine. Akiona upuuzi, nitarudi naye siku hiyo hiyo na sanduku langu, na mshenga atanikuta nyumbani.

Niliomba nitolewe kwenye mchezo. Mwalimu alikataa. Nikamweleza basi kwamba kuna jambo moja ambalo haliwezekani kabisa, nalo ni kitanda. Kwetu baba haoni kitanda cha mwanawe aliyeoa, hata nyumbani kwa huyo mwana anaishia sebuleni. Sasa mimi nisimame mbele ya baba yangu, nimeitwa mke wa mtu, na kitanda kiko nyuma yangu tangu mwanzo hadi mwisho? Heri angeniambia nimpige kofi mchungaji.

Mwalimu alishtuka, maana alilelewa mjini na hakuwa amewahi kuambiwa hayo. Lakini hakukubali haraka. Alisema bila kitanda hatia itakaa wapi? Watu watajuaje? Tulibishana kwenye veranda mpaka kengele ikalia, mimi kwa Kiswahili changu cha kukwaruza na yeye kwa kile chake cha kubembeleza, na mwisho akachoka.

"Haya basi, dada yangu," alisema. "Nitafutie jinsi nyinyi mnavyoiona hatia. Ukiniletea kitu, kitanda nakitoa."

Sikuhitaji kutafuta. Kila mtoto wa Kigusii wa wakati ule alijua kwamba watu wenye damu kati yao hawali chombo kimoja. Aliyemuua ndugu hawezi kuutia mkono kwenye ugali wa nyumba hiyo mpaka wazee wakae, kondoo achinjwe na maneno yasemwe. Akijaribu, chakula chenyewe kitamgeuka. Bibi yangu alikuwa akitazama watu kwenye karamu, si sura zao bali mikono yao, na nani amekaa mbali na kapu la nani. Kwake yeye hakukuwa na ushahidi mwingine.

Nilimwambia mwalimu aweke kapu la ugali wa wimbi katikati ya jukwaa. Ndugu wawili wanakula humo mwanzoni. Baada ya mauaji kapu linabaki pale pale, na kila mara muuaji akitaka kula, mkono unamkatalia. Mwalimu alifumba macho. Nilijua nimeshinda.

Sasa huyo muuaji. Alikuwa mvulana wa Suneka, mrefu, mwembamba, mwenye macho makubwa ya huzuni, na hiyo huzuni yote ilikuwa njaa. Shuleni tulikula ugali wa mahindi na maharagwe ambayo wadudu waliyafikia kabla yetu. Mama alinitumia unga wa wimbi wa mchezo, na wasichana tukausonga wenyewe, pembeni tukaweka chinsaga, ile mboga chungu, iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukalainika. Mazoezi ya kwanza, mwalimu alipogeuka kurekebisha pazia, hatia yote ikaliwa. Mazoezi ya pili vilevile. Mwalimu alitukaripia kwa Kiswahili kizuri sana, akasema tangu dunia iumbwe hajaona watu wanaolamba ishara. Baada ya hapo tukafanya mazoezi na kapu lililojazwa udongo, na mvulana wa Suneka akawa anautazama ule udongo kwa majonzi ya kweli. Mwalimu alifurahi akasema sasa ameanza kuelewa.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumapili, kwa ajili yetu Wasabato, na Wakatoliki walikuja moja kwa moja kutoka misa. Baba alifika mapema, koti lake la kanisani, kofia mkononi, akaketi mstari wa mbele. Mama aliketi na wanawake, nyuma kidogo. Kofia ile niliiona kila nilipochungulia kwenye tundu la pazia, ambalo lilikuwa blanketi za bweni zilizoshonwa pamoja. 

Hotuba zikaanza. Kila mgeni aliyesimama alisema hana mengi, kisha akayasema yote. Chakula cha wanafunzi kikaahirishwa mpaka wageni washibe, na wageni wenyewe walikuwa bado wanasikiliza hotuba. Sisi waigizaji tulikuwa na uji wa asubuhi tu tumboni, na huo nao ulikuwa umeshasafiri. Mvulana wa Suneka alikuwa amekaa karibu na kapu. Ugali ulikuwa wa moto, umefunikwa kwa jani la mgomba, na mvuke wake ulikuwa unamzunguka. Nilimwonya asithubutu. Aliniapia kwamba yeye si mtoto.

Mchezo ukaanza vizuri, nasema kweli. Ndugu wawili walipokula pamoja, wamama walitabasamu. Kaka mkubwa alipouawa nyuma ya pazia, mtu mmoja aliguna kwa uchungu. Na muuaji alipotoka, kapu likiwa pale pale katikati, nilisikia ukumbi mzima ukitulia. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kitu. Walikuwa wanatazama mkono wake, kama bibi yangu alivyotazama.

Alitakiwa aumege ugali, aunyanyue hadi karibu na mdomo, mkono utetemeke, tonge lianguke. Akamega. Akaunyanyua. Mkono ukatetemeka kwelikweli. Halafu tonge likaingia mdomoni.

Nilidhani atalitema. Alilitafuna. Alifumba macho kama mwalimu anapotamka neno ishara, akameza, akamega tena, safari hii akachovya kwenye chinsaga. Sijawahi kuona mtu akila kwa amani namna ile. Alisahau kwamba amemuua mtu.

Ukumbini pakawa na mnong'ono, kisha mzee mmoja wa mstari wa pili akasema kwa sauti, kwa Ekegusii, bila kusimama:

"Amekula. Kama amekula, hana neno. Mwachilieni kijana wa watu."

Wenzake wakakubali. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kwao kesi ilikuwa imekwisha na imekwisha vizuri: mtuhumiwa ameletwa mbele ya chakula cha marehemu, amekila, hakikumgeuka, basi ni msafi. Watu wakaanza kusogeza viti. Wengine walikuwa wanapongezana. Nyuma ya blanketi nilimwona mwalimu ameshika kichwa kwa mikono miwili, midomo inakwenda, nadhani alikuwa anasoma dua. Tanzia yake ilikuwa imegeuka sherehe, na tulikuwa bado kwenye sehemu ya pili.

Nikatazama mstari wa mbele. Baba alikuwa anavaa kofia.

Niliogopa. Niliuona mlima wa kwenda Itumbe, nikajiona mimi na sanduku juu yake, na nikaona vitabu vyangu vikigawiwa wadogo zangu wavichane kuwashia moto. Nilimkasirikia mvulana wa Suneka hasira ambayo sijampa mtu mwingine tangu siku hiyo, hata mume wangu. Na ni hasira hiyo iliyoniondoa pale nilipokuwa nimesimama. Nilikwenda katikati ya jukwaa, nikapiga magoti mbele ya kapu, nikaunyoosha mkono wangu mpaka karibu na ugali, nikaurudisha. Nikaunyoosha tena, nikaurudisha. Ukumbi ukanyamaza upya. Hakuna neno hata moja la mwalimu lililokuja kichwani, kwa hiyo nilisema yangu, kwa ile sauti ya kuitana ng'ambo ya bonde.

"Yeye amekula kwa sababu hakufanya kitu. Mimi siwezi kula. Ni mimi."

Mvulana wa Suneka aligeuka akanitazama, shavu moja limejaa, macho yamemtoka. Hakuwa anaigiza. Alijaribu kusema "Wewe?" lakini ugali ukazuia, ikatoka sauti ya ajabu ya mtu aliyevunjika moyo, na wanawake wakaanza kulia. Ilikuwa uigizaji bora kabisa wa maisha yake na mpaka leo hajui aliufanyaje.

Nikaendelea, maana sikujua namna ya kuacha. Niliwaambia kwamba nilikitamani kiti kuliko nilivyompenda mtu, kwamba nilimuua mgeni wetu wakati mume wangu amelala, na kwamba tangu siku hiyo nimepika lakini sijala. Nilisema sitaki watu wengine wabebe mzigo ambao ni wangu. Kisha nikakumbuka kwamba tanzia inataka mtu afe, na mvulana wa Suneka, kwa jinsi alivyokuwa anang'aa, hangeweza kufa siku hiyo. Ikabidi nife mimi. Sikuwa nimejifunza kufa. Nilijifunika kichwani shuka niliyokuwa nimejitanda kama vazi la mke wa mtawala, nikainama juu ya magoti yangu, nikatulia hivyo, mpaka mwalimu akapata akili ya kuvuta blanketi.

Yule mzee wa mstari wa pili alisikika akisema, "Sasa hiyo ndiyo kweli." Makofi yakafuata.

Nyuma ya pazia mwalimu alinijia moja kwa moja. Nilingoja matusi. Akasema nimeiharibu tamthilia ya watu, iliyodumu vizazi na vizazi bila kuguswa, lakini nimeiharibu vizuri. Halafu akamgeukia muuaji wake, akamkuta anafuta kapu kwa kidole.

Furaha yangu ilikuwa fupi. Baba alituma mtu aniambie nichukue sanduku.

Tulitembea kwenda nyumbani, yeye mbele na sanduku begani, mama katikati, mimi nyuma. Pande zote mbili za njia chai ilikuwa imechanua majani mapya, wachumaji hawapo kwa sababu ya Jumapili, na mama alikuwa akinitupia jicho kila kona, lakini yeye pia hakujua. Nilijaribu kusoma mgongo wa baba. Ulikuwa umenyooka kama kawaida, haukusema kitu. Nilipofika nyumbani nililia mpaka nikasinzia, na niseme ukweli, nililia pia kwa sababu nilijua nimefanya vizuri na haikusaidia.

Wiki ile nzima nilichuma chai na wengine. Hakuna aliyenieleza lolote, na mimi sikuweza kuuliza. Ijumaa asubuhi mshenga akaja na mzee mmoja wa Itumbe, kabla wimbi halijavunwa. Nikajua mambo yamewiva. Mama aliniita jikoni nimsaidie kupika, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa udongo, umepasuka, kila neno la sebuleni linapita.

Walisalimiana kwa kirefu. Waliulizana habari za mvua. Mshenga akasema wameitika wito, kwa hiyo ni baba aliyewaita, na mimi nikaacha kukoroga chungu. Akasema pia kwamba huko kwao imefika habari ya msichana aliyesimama mbele ya umati akajiita muuaji, na watu wanacheka, ila wao hawajali, bado wanamtaka. Alilisema kwa upole, kama anayemfanyia baba hisani.

Nilisikia baba akivuta kiti chake. Nilimjua, alikuwa anayapanga maneno, kwa sababu akishasema harudi nyuma, na kila mtu wa kule alijua kwamba harudi nyuma.

"Nilimtazama siku hiyo," alisema. "Mwenzake alikuwa amekula, kila mtu amemwachilia, angeweza kunyamaza. Alisimama akasema ni yeye. Mimi ni mzee wa kanisa, nimesikiliza watu wengi wakiungama, na wote kwanza wanataja jina la jirani. Mtoto kama huyo nikimtoa shule, nitamfundisha nini hapa nyumbani?"

Mshenga akamkumbusha taratibu kwamba alikuwa amewapa neno.

"Niliwapa," baba alisema. "Ndiyo maana nilimleta nyumbani kwanza, asikae darasani huku neno nililowapa bado limesimama. Sikuwa nimewaambia uongo, lakini sasa nimelivunja. Mkifika Itumbe msiseme msichana amekataa, wala mama yake, wala shule. Semeni mimi ndiye niliyekosa, na nimewaita hapa niliseme mwenyewe."

Kwa mtu wa aina yake, kusema hivyo mbele ya wageni, ndani ya nyumba yake, lilikuwa jambo zito kuliko kufa chini ya shuka. Mimi nilikuwa nimekiri kosa la mtu wa kitabuni na nikapigiwa makofi. Yeye alikiri la kwake, na hakuna aliyempigia makofi. Kilichosikika ni viti vikisogezwa na mshenga akiguna. Nilimpenda baba yangu siku hiyo kwa upendo ulioniuma kifuani, na ensoni haikuniruhusu hata kuvuka kizingiti nikamwambie.

Mama alinipokonya mwiko maana chakula kilikuwa kinashika chini, akaniambia nikafunge sanduku, lori la majani ya chai linapita Jumatatu jioni na dereva ataniacha karibu na shule.